Simu ni Zawadi, Lakini Akaunti ni ya Nani?

Siku hizi mwanaume wa Tanga akitaka kuonyesha kwamba amependa kweli, haishii kwenye kanga, udi na manukato. Analeta simu. Nimeona simu janja ikipangwa ndani ya begi la bibi harusi, nimeona ikitolewa siku ya kuzaliwa, na nimeona ikitumika kuomba msamaha baada ya ugomvi. Wapo pia akina dada wanaowanunulia waume zao, tena za bei mbaya. Mimi sina ubaya na hilo. Zawadi ni zawadi, na anayetoa anastahili asante.

Ila ukisimama nusu saa kwenye duka la simu pale Ngamiani utasikia maswali yale yale matatu: kamera yake ikoje, rangi zipi zipo, na bei ya mwisho ngapi. Swali la nne huwa haliulizwi, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote: simu hii ikishawashwa, itakuwa na akaunti ya nani?

Nalisema hili kwa sababu simu janja ya leo ni pochi, ni albamu ya picha, ni shajara ya siri na ni ramani ya kila unapokanyaga. Risiti inaweza kuwa na jina lako na simu ikakaa mkononi mwako mchana kutwa, lakini mwenye akaunti iliyomo ndani ndiye mwenye funguo za nyumba.

Android ni kitu gani hasa?

Tuanze na msingi, maana wengi tunaitumia bila kuijua. Android ni mfumo endeshi, yaani programu mama inayoiwezesha simu kufanya kazi. Kampuni ya Android ilianzishwa Marekani mwaka 2003, Google wakainunua mwaka 2005, na simu ya kwanza ya mfumo huo ikaingia sokoni mwaka 2008. Kiini chake ni Linux, programu ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 na kuiachia dunia nzima.

Hapo ndipo linapokuja neno programu huria. Msimbo wa msingi wa Android uko wazi: kampuni yoyote inaruhusiwa kuuchukua, kuubadilisha na kuuweka kwenye simu yake bila kulipia leseni ya msimbo huo. Ndiyo maana ukienda dukani unakuta Samsung, Tecno, Infinix, itel na Xiaomi zimepangwa rafu moja, kila moja na bei yake, lakini ndani zinafanana kama ndugu. iPhone inatengenezwa na Apple peke yao, na mfumo wake hawampi mwingine.

Uhuria huo ndio ulioshusha bei. Majirani zetu wa Kenya wanaikumbuka Huawei IDEOS, ambayo Safaricom waliiuza mwaka 2011 kwa kiasi cha shilingi 8,000 za Kenya, wakati simu janja nyingi zilikuwa za matajiri. Tangu hapo mlango ukafunguka.

Lakini tusichanganye mambo. Kilicho huria ni msingi wa Android. Play Store, Gmail na Ramani za Google ni mali ya Google, na wao ndio wanaoamua nani awe nazo. Mwaka 2019 Marekani ilipoiwekea Huawei vikwazo, simu zake mpya zilibaki na Android ile huria bila huduma za Google. Kwa hiyo simu nyingi tunazonunua zina tabaka mbili: chini mfumo ulio wazi kwa wote, juu akaunti ya mtu mmoja. Ugomvi wa nyumbani huanzia kwenye hiyo tabaka ya juu.

Zawadi yenye macho

Shoga yangu mmoja, mwalimu, alipewa simu mpya na mchumba wake. Kijana wa watu akamrahisishia kila kitu. Aliiwasha mwenyewe, akafungua akaunti, akaweka WhatsApp, akamkabidhi ikiwa tayari na kava lake. Miezi ikapita, maswali yakaanza: “Juzi saa kumi ulikuwa unafanya nini Raskazone?” Akahisi kuna jirani anampelekea maneno. Akanuniana na nusu ya mtaa.

Hakukuwa na jirani wala mpelelezi. Akaunti ya Google iliyokuwa kwenye simu ilikuwa ya mchumba. Mwenye akaunti na paswedi anaweza kutumia huduma ya Google ya kutafuta kifaa kilichopotea, ile ambayo tangu 2025 inaitwa Find Hub, akaona simu iko wapi, akailiza, hata akaifuta yote kutoka mbali. Picha zikiwa zimewekewa hifadhi ya mtandaoni, naye anaziona. Majina ya watu unaowasevu yanaweza kwenda kwake pia.

Najua wapo watakaosema mke na mume hawana siri. Sawa. Mkikaa chini mkakubaliana kuonyeshana mahali mlipo, hayo ni mapenzi yenu na wala siyaingilii. Lakini kukubaliana ni jambo moja, na kuchungwa bila habari ni jambo jingine kabisa. Tena nchi yetu ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayokataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu bila ruhusa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mambo haya si mzaha.

Kuna upande mwingine ambao watu hawaufikirii. Mkiachana, au Mwenyezi Mungu akimchukua mwenzio, picha za watoto tangu wanazaliwa zinabaki kwenye akaunti ambayo paswedi yake huijui. Google wana utaratibu, ulioanza kutekelezwa Desemba 2023, wa kuweza kufuta akaunti binafsi ambayo haikutumika kwa miaka 2. Fikiria mjane anayefiwa mara mbili: kwanza mume, halafu kumbukumbu.

Dawa yake ni nyepesi. Fungua Mipangilio, tafuta sehemu ya akaunti, soma barua pepe iliyopo. Kama si yako, fungua ya kwako, hamisha picha na majina, kisha ondoa ile nyingine. Kwenye WhatsApp nako angalia vifaa vilivyounganishwa. Ukiona kompyuta usiyoijua, itoe. Na wewe kaka unayetoa zawadi, ikabidhi ikiwa kwenye boksi, mwache mwenyewe aiwashe. Hapo ndipo utakuwa umetoa.

Ya mtumba na ya mkopo

Sisi wa ukanda huu simu zinatufikia kwa njia nyingi: kutoka Dar es Salaam, kutoka Mombasa kupitia Horohoro, kutoka Dubai kwenye mabegi ya ndugu. Simu ya mtumba si dhambi, na mara nyingi ni bora kuliko mpya ya bei ya kutupa. Ila nayo inarudi kwenye swali letu.

Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu ikifutwa kwa nguvu bila akaunti kuondolewa, ikiwaka inadai akaunti ya mwenyewe wa zamani. Ulinzi huu uliwekwa ili kumkomesha mwizi. Kwa hiyo muuzaji akikwambia “hiyo loki fundi ataitoa, elfu kumi tu,” jiulize kwa nini yeye hakuitoa. Mwenye simu halali anaweza kuondoa akaunti yake mbele yako, akaifuta kupitia Mipangilio, mkaiwasha pamoja. Ikiomba akaunti ya mtu mwingine, mshukuru, aga, ondoka.

Usisahau pia namba ya utambulisho, IMEI. Usiku wa Juni 16, 2016 TCRA ilizima simu bandia nchi nzima, na kuna watu waliamka asubuhi wameshika kioo kisicho na kazi. Bonyeza *#06# uione namba hiyo, kisha uilinganishe na ya kwenye boksi. Ukiingia Play Store, kwenye mipangilio yake sehemu ya kuhusu, utaona kama kifaa kimeidhinishwa. Simu feki inaweza kuandikwa GB 256 huku ndani haina hata robo yake.

Simu ya mkopo nayo ina mwenyewe mwingine. Nyingi zimewekewa programu inayoifunga ukichelewesha marejesho. Si haramu, ni mkataba, ila usome. Uliza: nikimaliza kulipa, programu hii inaondoka? Ikifungwa, naweza kupiga simu ya dharura? Biashara yako ikitegemea simu hiyo hiyo, siku ikifungwa ndipo na hela ya kuilipia inapokosekana.

Na kwa kuwa Android inakuruhusu kuweka programu kutoka nje ya Play Store, usipokee kila faili unalotumiwa kwenye kundi la WhatsApp. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Ukiiruhusu programu isome majina yote kwenye simu yako, siku ya kudaiwa meseji inaweza kumfikia mama mkwe kabla yako.

Nunua miaka, usinunue rangi

Sasa twende kwenye kuchagua. Kwa vile kila kampuni inaichukua Android na kuipika kivyake, kila kampuni pia inaamua itakuletea maboresho ya usalama kwa miaka mingapi. Hapa ndipo tofauti ya bei ilipojificha. Samsung Galaxy S24 na Google Pixel 8 ziliahidiwa miaka 7. Galaxy A16 ya mwaka 2024, ambayo ni ya mtu wa kawaida, iliahidiwa miaka 6. Simu nyingi za bei ya chini hupata muda mfupi zaidi. Simu isiyopata maboresho ni mlango ambao kitasa chake hakirekebishwi, na programu nazo huikimbia: mwaka 2023 WhatsApp waliziacha simu zenye Android ya chini ya 5.0.

Ukigawa bei kwa miaka utakayoitumia, simu ya “bei chee” inaweza kuwa ghali kuliko ile uliyoiogopa. Kwa mtu wa WhatsApp, picha na huduma za kifedha, mimi naangalia RAM isiyopungua GB 4, uhifadhi wa GB 128, na betri ya mAh 5,000, maana umeme tunaujua wenyewe.

Pwani ina adui wake: hewa ya chumvi na jasho. Sehemu ya kuchaji ndiyo hufa kwanza. Ndugu zangu mnaovuka na mashua Pangani, alama ya IP67 maana yake simu inastahimili vumbi na kuzama mita 1 kwa dakika 30, lakini kipimo hicho ni cha maji baridi. Maji ya bahari hayana mkataba na mtu.

Je, kishikwambi?

Wengi tulilizoea neno hili kwenye Sensa ya Agosti 23, 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba na vishikwambi, ambavyo baadaye viligawiwa walimu. Kwa familia yenye watoto wa shule ni kitu kizuri: kioo kikubwa, macho hayaumii, na baba hanyang’anywi simu yake. Kizuri zaidi, kishikwambi cha Android kinakubali watumiaji zaidi ya mmoja, kila mtu na chumba chake. Mtoto mfungulie akaunti inayosimamiwa na mzazi, na mwambie wazi kwamba unaisimamia. Usimpe yako, asije akakununulia michezo kwa hela ya ada.

Kabla hujatoa hela

1. IMEI ya simu na ya boksi zifanane.
2. Akaunti ya zamani iondolewe mbele yako, simu iwashwe upya mbele yako.
3. Uliza maboresho ya usalama ni ya miaka mingapi.
4. Ya mkopo: soma lini inafungwa na lini inakuwa yako kabisa.
5. Akaunti iwe ya jina lako, na namba ya kuirejesha iwe laini yako, si ya mwenzio.
6. Paswedi iandike kwenye karatasi, uiweke unapoweka cheti cha ndoa.

Kwenye mapenzi tunapeana vingi: moyo, muda, hata mshahara. Akaunti ya simu ni kama mswaki, mpenzi wangu. Mnaweza kulala kitanda kimoja miaka hamsini, na kila mtu akabaki na wake. Leo jioni kabla ya kulala, fungua Mipangilio usome jina lililopo. Likiwa lako, mwambie aliyekununulia asante kwa mara nyingine.