Moyo Unaolia Kama Saa: Lini Utulie, Lini Ukimbilie Hospitali



Tangu nibadilishwe mlango wa moyo, swali ninaloulizwa sana msikitini na barazani ni hili: "Hiyo sauti yatoka wapi?" Imamu akinyamaza, aliye kando yangu kwenye safu husikia tik, tik, tik. Wengine hutazama saa zao mkononi. Leo nalieleza, kwa kuwa najua wenzangu waliopasuliwa wanaoishi na hofu wasiyoisema, na hofu hiyo huweza kumfanya mtu aache dawa.

Moyo una milango minne, ambayo madaktari huiita vali. Kazi yake ni kupitisha damu mbele na kuizuia isirudi nyuma. Huku kwetu Afrika Mashariki, wengi huharibikiwa na vali kwa homa ya baridi yabisi ya utotoni, inayoanza na maumivu ya koo yasiyotibiwa vyema. Mimi ni mmoja wao.

Vali za kubandika ni aina mbili. Moja hutokana na tishu za mnyama, nayo ni kimya. Nyingine, kama yangu, ni ya kaboni ngumu. Vibamba vyake vikijifunga ndipo inapolia tik. Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, basi usishangae kuusikia, hasa usiku nyumba ikitulia. Sauti hiyo ni vali kufanya kazi. Si ugonjwa, wala si jini.

Jambo la pili ni moyo kupapa. Wiki za mwanzo niliuhisi ukidunda hadi shingoni. Sababu zipo: moyo umeguswa na bado umevimba, damu imepungua, na mfupa wa kifua wachukua kama wiki 6 hadi 12 kuunga. Siku za mwanzo pia mapigo huweza kupoteza mpangilio. Hilo hutokea kwa wengi na lina matibabu, lakini lazima daktari aambiwe.

Yaliyonisaidia ni mepesi. Nikilala ubavu wa kushoto sauti huzidi, basi hugeukia kulia. Huwasha feni au huweka kisomo cha Qur'ani kwa sauti ya chini, masikio yapate kitu kingine. Kahawa chungu ya jioni nimeiacha. Miraa na muguka ndiyo kabisa usiguse, kwani huongeza kasi ya mapigo na kupandisha presha. Na nilimweleza mke wangu kila kitu, maana naye alikuwa halali kwa kuisikiliza.

Sasa lililo kubwa. Mwenye vali ya kaboni hunywa warfarini maisha yake yote, ili damu isigande juu ya vali. Akiiacha, hata kama ajihisi mzima, donge la damu laweza kuziba vali au kupanda kwenye ubongo na kumpooza. Kipimo cha damu kiitwacho INR kisikosekane. Mchicha na sukuma wiki usivikate, ila ule kwa kiasi kile kile kila wiki. Dawa za miti shamba na za maumivu usinywe bila kuuliza. Mwanamke anayetaka kubeba mimba aonane na daktari kabla. Kabla ya Ramadhani, kaa na daktari mpange saa za dawa. Na kabla ya kung'oa jino, mwambie daktari wa meno una vali ya kubandika.

Kimbilia hospitali mara moja ukiona haya: mapigo ya mbio yasiyotulia ukipumzika, kuzimia, pumzi kukatika, kifua kuuma, homa isiyoisha, mkono au mdomo kulegea ghafla, au damu isiyokoma. Na sauti ya tik ikififia au ikipotea ghafla, usifurahi kwamba umepata kimya. Huenda vali imezibwa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ukiwa na ndugu aliyetoka kupasuliwa, usimpeleke kuzinguliwa kwa sababu kifua chalia. Muulize: leo moyo wauhisi vipi, na dawa umekunywa?