Lugha ya Mama na Lugha ya Urithi

Wafasiri wamezoea kuandika "lugha ya mama" kila wakutanapo na habari za lugha asemayo mtoto nyumbani. Istilahi hiyo yatosha kwa mtoto wa kijijini ambaye mama, baba na jirani zake husema lugha moja. Katikati ya jiji la Dar es Salaam haitoshi.

Tuchukue mfano wa jamii zenye asili ya Kihindi zikaazo Kisutu na Mchafukoge na, ng'ambo ya Mnazi Mmoja, zenye maduka Kariakoo. Wengi wa wazee wao walihamia kutoka magharibi ya Bara Hindi wakisema Kigujarati na Kikachi. Wakati wa ukoloni palikuwa na shule zilizofundisha kwa Kigujarati. Baada ya Uhuru ubaguzi wa rangi mashuleni ulifutwa, na kuanzia mwaka 1967 Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, wala hatuujutii. Lakini kazi ya kurithisha lugha ikabaki sebuleni, mikononi mwa bibi. Mara nyingi mjukuu huelewa Kikachi, hujibu kwa Kiswahili au Kiingereza, na herufi za Kigujarati hawezi kuzisoma. Barua za babu yake zikiwamo sandukuni, zitabaki humo.

Je, lugha ya mama ya mtoto huyu ni ipi? Mwalimu akijaza "Kigujarati" katika fomu, asomaye atadhani mtoto anakijua. Akijaza "Kiswahili", amemfuta bibi. Kwa hiyo twaona heri kutenga istilahi mbili: lugha ya kwanza, yaani ile aliyoanza kuisema, na lugha ya urithi, ile ya wazee wake, hata kama anaijua nusunusu. "Lugha ya kabila" haifai hapa, maana Kigujarati husemwa na Wahindu, Waislamu na Waparsi pia.

Watakaolipinga neno urithi wana hoja yenye uzito: mirathi hugawanywa baada ya maziko, na bibi akishazikwa hapana lugha ya kugawa. Hata hivyo kitenzi kurithisha chaweza kuwa tendo la aliye hai, nacho twakipendelea kuliko kuhifadhi, neno linukalo kabati la makumbusho.

Sisi wenyewe tumekwisha kurithi kwao: laki, bima na hundi, zitumikazo ofisini kila siku, zatoka Bara Hindi. Istilahi hii yamfaa pia mtoto wa Mchaga au Mnyakyusa aliyezaliwa Kariakoo, na mtoto wa Kitanzania aliyezaliwa London, ambaye kwake lugha ya urithi ni Kiswahili chenyewe.