Koti la nta: biashara inayoisubiri Kigoma

Kagunga ni kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini kabisa mwa Mkoa wa Kigoma kwenye mpaka wa Burundi, na mizigo mingi huifikia kwa boti. Dagaa huvuliwa usiku, kwa taa, giza la mwezi likiwa limetanda. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua humkuta mvuvi katikati ya maji, naye hujikinga kwa nailoni inayochanika upesi au kwa koti lolote la mtumba.

Lipo koti lililozaliwa kwa kazi hiyo hasa: la pamba nzito iliyopakwa nta. Anayelishika mara ya kwanza hudhani ni chafu, kwa kuwa linanatanata mkononi. Muuza mitumba akilifua kwa sabuni na maji ya moto, nta hutoka, koti huanza kupitisha maji, na thamani yake huishia kwenye beseni.

Asili yake ni matanga. Mabaharia wa Uingereza waliyapaka mafuta ili yasinywe maji, na yaliyochakaa wakayakata wakayavaa. Baadaye yalitumika mafuta ya mbegu za kitani, lakini hayo yalikakamaa kwenye baridi na kugeuka manjano. Katika miaka ya 1930 nta ikachukua nafasi yake. Kampuni ya Barbour, iliyoanzishwa mwaka 1894 katika mji wa bandari wa South Shields, iliwauzia mabaharia na wavuvi kabla matajiri wa mashambani hawajalipenda koti hilo. Hadi leo hupokea makoti ya zamani, huyatia viraka na kuyapaka nta upya. Kwa maoni yangu, huduma hiyo ndiyo inayoibeba bei yake kuliko kitambaa chenyewe.

Sisi tumebaki kubishana juu ya mitumba. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa sokoni ndani ya miaka mitatu. Marekani ikatishia kuzifunga fursa za AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru. Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo, Rwanda ikashikilia ushuru wake na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa kuingia Marekani bila ushuru. Mjadala mzima ulihusu kuzuia, na ulisema machache mno juu ya nini kishonwe hapa.

Malighafi tunazo. Sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Tanzania husafirishwa nje bila kufumwa. Misitu ya miombo ya Kigoma ina wafugaji nyuki wa siku nyingi, na nta ya Tanzania hununuliwa hadi Japani na Ujerumani. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, kwa hiyo jua la ziwani huilainisha tu. Ikipakwa peke yake hukakamaa na kupasuka kitambaa kinapokunjwa, ndiyo maana huchanganywa na mafuta. Koti hili halipitishi hewa vizuri, na mchana litamchosha mvaaji. Soko lake ni mvuvi wa usiku, baharia wa boti na dereva wa bodaboda wakati wa mvua.

Hatua ya kwanza haihitaji kiwanda. Fundi cherehani, jiko, sufuria ya nta na brashi vinatosha kuyafufua makoti ya mtumba yaliyofuliwa vibaya. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) la Kigoma na vikundi vya wafugaji nyuki wakae na mafundi hao, wajaribu michanganyiko, kisha wawape wavuvi wa Kagunga makoti wayavae msimu mmoja wa mvua kabla ya kupanga bei.