Mwendo wa Bujumbura hadi Brussels

Mwezi wa Januari kaka yangu alipanda ndege hapa Bujumbura, saa tisa alasiri, kwenda Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji. Tuliporudi nyumbani Buyenzi, Mama akaniuliza, "Mwanangu, wewe uliyesoma, kaka yako atafika saa ngapi?"

Nikatwaa tufe na uzi. Yafaa kutumia tufe, maana ramani ya karatasi hupotosha umbali. Nikaunyosha uzi kutoka Bujumbura hadi Brussels, kisha nikaulaza juu ya mstari wa Ikweta, ambako digrii zimeandikwa. Ulifunika digrii 58 na robo hivi. Kila digrii ni kilomita 111, basi jumla yapata 6,470. Ndege kubwa ya abiria huenda kilomita 850 hivi kwa saa. Nikagawanya, nikapata saa saba na dakika 37. "Saa nne na nusu usiku atakuwa amekwisha fika," nikamwambia, nami nikaenda kulala.

Mama hakulala. Alikesha na simu mkononi, na simu ililia saa moja na robo asubuhi.

Kugawanya kwangu hakukuwa na kosa. Kosa ni kwamba nilipima njia ya uzi, si njia ya kaka. Ndege yake ilielekea kwanza Addis Ababa, yaani kaskazini-mashariki, ilhali Ubelgiji iko kaskazini-magharibi! Abiria wa mji mmoja kama wetu hawatoshi kujaza ndege kubwa kila siku, kwa hiyo hukusanywa mahali pamoja na wa miji mingine. Bujumbura hadi Addis Ababa ni kilomita 1,730 hivi. Kutoka huko hadi Brussels ni 5,620. Jumla 7,350. Tena ndege haiendi kilomita 850 safari nzima: hupanda polepole, hushuka polepole, na pengine hupigana na upepo wa mbele. Angani kaka alikaa muda wa saa kumi; Addis Ababa alingoja saa tano na nusu.

Lililomtatiza Mama zaidi ni saa yenyewe. Kaka alisema ametua saa kumi na moja na nusu alfajiri, na wakati huo saa yetu ya ukutani ilikuwa kumi na mbili na nusu. Majira ya baridi Brussels iko nyuma yetu kwa saa moja; majira ya joto Wabelgiji husogeza saa zao mbele, zikawa sawa na zetu. Saa zinazoandikwa katika tikiti ni za kila mji, basi msomaji asizitoe kabla ya kuzilinganisha.

Ili kujitetea nilimweleza Mama kwamba mwaka 1925 rubani Edmond Thieffry aliruka kutoka Brussels hadi Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, akatumia siku 51. Mama akajibu kwamba mamake Thieffry hakuambiwa saa nne na nusu.