Tugeuze Gari Bovu Liwe Mkokoteni



Pita katika kijiji chochote kilicho karibu na barabara kuu. Hutakosa kuona gari bovu. Liko nyuma ya ghala, au chini ya mwembe. Injini imekwisha uzwa. Viti vimeliwa na panya, na kuku wanataga ndani. Mwenyewe anasema atalitengeneza, lakini miaka inapita.

Watu husema gari hilo limekufa. Sisi tunasema limekufa nusu tu. Ekseli yake ya nyuma, magurudumu yake na breki zake bado zinaweza kufanya kazi miaka mingi. Zikifungwa chini ya bodi la mbao na kukokotwa na maksai wawili, tunapata mkokoteni.

Mikokoteni ya namna hii si jambo geni. Katika mikoa inayolima kwa ng'ombe, kama Mwanza, Shinyanga, Tabora na Mbeya, imetengenezwa na mafundi wetu wenyewe kwa miaka mingi. Lakini mingi ina upungufu mmoja, na upungufu huo unaua. Ndiyo maana tumeamua kuandika habari hii.

HESABU YA MZIGO

Fungua daftari lako, tufanye hesabu kidogo.

Shamba liko kilomita 3 kutoka nyumbani. Umevuna magunia 10 ya mahindi. Gunia moja ni debe 6. Kwa hiyo unazo debe 60 za kubeba.

Mama akibeba debe moja kichwani kila safari, atakwenda safari 60. Kwenda na kurudi ni kilomita 6. Zidisha 6 kwa 60. Unapata kilomita 360. Na mzigo wa debe moja si mchezo kwa shingo ya mtu.

Maksai wawili wenye afya, wakiwa na mkokoteni wa matairi ya mpira, wanaweza kukokota magunia 10 katika njia nzuri ya tambarare. Njia ikiwa ya mchanga au ya mlima, punguza yawe 5. Basi hata katika njia mbaya ni safari 2 tu, yaani kilomita 12.

Fanya hesabu ya maji pia. Pipa moja la lita 200 ni sawa na ndoo 10 za lita 20.

Siku hizi wako wenye pikipiki za magurudumu matatu, na zinasaidia. Lakini zinataka petroli kila siku. Maksai wanataka majani, maji na mapumziko.

TULIYOYAONA KWA MACHO YETU

Katika kijiji kimoja tulichokuwa tukifundisha, kikundi cha wakulima kilinunua pikapu bovu. Walipata fundi wa kuchomelea, na kazi ikaisha kwa siku nne. Sisi tuliwasaidia kupima urefu na upana na kupiga hesabu za gharama. Siku mkokoteni ulipotoka, kina mama walipiga vigelegele.

Wiki ya pili walipakia magunia 8 ya mahindi. Njiani kuna mteremko unaoshuka mpaka kijitoni. Maksai walianza kushuka vizuri. Katikati ya mteremko mkokoteni ukaanza kuwasukuma. Wakaanza kukimbia, maana wangefanya nini? Hakukuwa na kitu cha kuuzuia. Kijana aliyekuwa akiwaongoza mbele aliruka mtaroni, akapona kwa michubuko. Ng'ombe wa kulia alianguka, akavunjika mguu, ikabidi achinjwe pale pale.

Tulipokwenda kuwapa pole tuliuliza, "Breki za lile gari ziko wapi?" Wakatazamana. Waya wa breki ya mkono, ule ambao mafundi huuita hendibreki, tuliukuta umefungia mlango wa zizi. Fundi aliutupa kama takataka, na mzee mmoja akauokota.

Lawama hatuwezi kumtupia fundi peke yake. Sisi tulipima bodi, hatukupima mteremko. Hatukuuliza hata mara moja, "Mtashukaje kijitoni?"

CHUKUENI NINI KUTOKA KWENYE GARI

Chagueni gari ambalo magurudumu mawili ya nyuma yameunganishwa kwa ekseli moja nzima ya chuma. Gari ambalo kila gurudumu la nyuma linaning'inia peke yake halifai kwa kazi hii.

Inueni kwa jeki, na mwekee magogo imara chini. Msiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Zungusheni gurudumu kwa mkono na kusikiliza. Likikwaruza, beringi imekwisha. Shikeni gurudumu juu na chini, mlitikise. Likicheza, beringi au nati yake ina kasoro. Tengenezeni hilo kwanza.

Chukueni ekseli, magurudumu yote mazuri, ngoma za breki na vyote vilivyomo ndani yake. Chukueni pia waya wa breki ya mkono pamoja na mpini wake. Springi mpelekeeni mhunzi. Chuma chake ni kigumu, na yeye anajua kukifanya panga, patasi na zana nyingine.

EKSELI NI ZA NAMNA MBILI

Hapa wengi hukosea, kwa hiyo tusome polepole.

Namna ya kwanza: katikati ya gurudumu kuna kifuniko cha chuma kilichotokeza nje, kimezungukwa na bolti ndogo. Ukizifungua, shafti inatoka, lakini gurudumu linabaki mahali pake likishikwa na beringi zake. Land Rover za zamani na malori mengi yako hivyo. Hapa toa shafti zote mbili, halafu ziba matundu kwa vipande vya chuma ili grisi isitoke na vumbi lisiingie. Gurudumu litazunguka kwa wepesi, kwa sababu haliburuti difu. Shafti yenyewe inafaa kuwa mtaimbo.

Namna ya pili: hakuna kifuniko hicho. Gurudumu limefungwa kwenye shafti yenyewe. Pikapu nyingi ndogo ziko hivyo. Hapa usitoe shafti! Ukiitoa, gurudumu linatoka nayo. Iache, na difu ibaki na oili yake. Toa ile shafti ndefu tu inayotoka upande wa injini, kisha funika mdomo wa difu vizuri.

Kama hamna hakika ekseli yenu ni ya namna gani, muulizeni makanika kabla ya kufungua bolti yoyote.

BODI NA MTI WA KUKOKOTEA

Fremu ya chini itengenezwe kwa chuma cha pembe au kwa vipande vya chesisi ya gari lenyewe. Juu yake pigilieni mbao. Urefu wa mita 2 na sentimita 40, na upana wa mita 1 na sentimita 20, unatosha kwa jozi moja ya maksai. Mkifanya bodi kubwa zaidi, watu watalijaza, na watakaoumia ni ng'ombe.

Fremu ifungwe kwenye ekseli kwa bolti zenye umbo la U. Msichomelee fremu juu ya ekseli karibu na magurudumu. Moto unaunguza mipira ya kuzuia oili na unaweza kupinda ekseli. Isitoshe, bolti zinafunguka siku mtakapotaka kubadili ekseli.

Ekseli isikae katikati kabisa ya bodi. Ikae nyuma kidogo ya katikati, kama sentimita 10. Kwa bodi letu la sentimita 240, pimeni sentimita 130 kutoka mbele. Sababu ni hii. Uzito ukizidi nyuma, mti wa mbele unanyanyuka, hasa wakati wa kupanda mlima, na nira inawakaba maksai koo. Uzito ukizidi mbele, nira inawakandamiza shingo mpaka wanapata vidonda. Mkisha kupakia, mtu mmoja aweze kuinua ncha ya mti kwa mikono miwili. Akishindwa, sogezeni mzigo nyuma kidogo. Mti ukipaa wenyewe, sogezeni mzigo mbele.

Mti wa kukokotea uwe wa mita 3 hivi kutoka mbele ya bodi mpaka kwenye nira. Mti mfupi ni hatari, maana wakati wa kushuka bodi linagonga miguu ya nyuma ya ng'ombe.

BREKI SI PAMBO

Njia nzuri ni kutumia breki za gari lenyewe. Ule mpini wa breki ya mkono ufungeni ubavuni mwa bodi, mahali ambapo mtu anayetembea pembeni anaufikia bila kuinama. Unganisheni waya wake mpaka kwenye ngoma za magurudumu yote mawili. Breki ikishika gurudumu moja tu, mkokoteni utapinda na kuwayumbisha maksai.

Kama breki za gari zimekwisha kabisa, tengenezeni breki ya mti. Ning'inizeni boriti moja ngumu kwa minyororo nyuma ya magurudumu, iende kutoka tairi la kulia mpaka la kushoto. Wekeni mpini wa chuma wa kuivuta mbele. Ikivutwa, inabana matairi yote mawili. Breki hii hupungua nguvu tairi likiwa na matope, kwa hiyo wakati wa mvua punguzeni mzigo.

Wakati wa kushuka wawepo watu wawili. Mmoja aongoze maksai, akitembea pembeni yao, si mbele ya mti. Wa pili akae kwenye breki tu, asifanye kazi nyingine. Breki ivutwe kabla ya mteremko kuanza. Ukingoja mpaka maksai wakimbie, umechelewa.

KUCHOMELEA KUNA HATARI ZAKE

Mwanga wa kuchomelea unaunguza macho. Mchomeleaji avae kioo chake, na watoto wanaopenda kutazama wafukuzwe. Msichomelee bati lenye rangi ya zinki mahali pasipo na hewa, maana moshi wake ni sumu. Tangi la petroli msiliguse kwa moto hata kama limekauka miaka. Mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka.

Waya wa ethi wa mashine ufungwe karibu na mahali panapochomelewa. Umeme ukipita kwenye beringi unaiharibu.

TUJARIBU KABLA YA KUAMINI

Msianze na maksai. Pakieni mawe yenye uzito kama wa magunia mnayotaka kubeba. Usukumeni mkokoteni mpaka kwenye mteremko mdogo, na mwekee magurudumu jiwe mbele. Vuteni breki. Halafu mtu asimame pembeni, auondoe ule mwamba wa kuzuia polepole kwa kijiti kirefu. Mkokoteni ukisimama, breki ni nzima. Ukitambaa hata kidogo, rudini kwa fundi. Msikubali maneno ya "itazoea yenyewe".

Kila wiki paka grisi mahali panapohusika, kaza nati za magurudumu, na kagua matairi. Tairi ambalo nyuzi zake zinaonekana libadilishwe.

MAPATANO YAWE KWA MAANDISHI

Mnaponunua gari bovu, dai risiti na kadi ya gari. Andikeni namba ya chesisi na kumshuhudisha mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji. Vyuma vya wizi vinaweza kuwapeleka polisi bila nyinyi kujua kosa lenu.

Kwa fundi pia andikeni. Katika karatasi moja wekeni vipimo vya bodi, mahali pa ekseli, aina ya breki, bei, na siku ya kumaliza. Mlipeni sehemu ya mwisho ya fedha baada ya jaribio la mteremko, si kabla. Kama hakuna fundi wa kuaminika karibu, ulizeni ofisi ya SIDO ya mkoa wenu. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1973 kusaidia viwanda vidogo.

Kile kikundi tulichokitaja kiliuza mbuzi watano na kununua maksai mwingine. Mkokoteni uliokotwa kijitoni, mti wake ukabadilishwa. Yule mzee alikubali kuutoa waya kwenye mlango wa zizi, lakini aliomba kwanza apewe kamba. Alipewa. Tulipowatembelea tena, walikuwa wakishuka mteremko ule ule na magunia 7. Kijana alikuwa pembeni ya maksai, na mama mmoja mwanakikundi alikuwa ameshika mpini wa breki. Tulisimama kando tukatazama mpaka walipovuka kijito.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Shamba lako liko kilomita ngapi kutoka nyumbani? Piga hesabu ya safari za kubeba magunia 6 kwa kichwa, kisha kwa mkokoteni.

2. Ekseli za namna mbili zinatofautianaje? Nendeni mkaangalie gari bovu lililo karibu nanyi, mseme ni la namna gani.

3. Kwa nini ekseli huwekwa nyuma kidogo ya katikati ya bodi?

4. Taja miteremko iliyo katika njia za kijiji chenu. Ni upi ulio mkali kuliko yote? Mkokoteni wa nani unaupita sasa hivi bila breki?