Kosa la Kiswahili kwenye skrini: Tukague kabla ya kumlaumu mfasiri

Mtaani Kapsoya, mjini Eldoret, nina jirani ambaye ni mwalimu mstaafu asiyeona. Yeye hutumia kipakatalishi chenye NVDA, programu isiyolipiwa ambayo husoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye skrini. Majuzi aliniita kwake akiwa amekereka. Chama chake cha akiba na mikopo kilikuwa kimezindua tovuti ya Kiswahili, lakini sauti iliyasoma maneno kwa matamshi ya Kiingereza. "Salio lako" liligeuka kuwa kitu kama "seilio leikou".

"Sasa inabidi nimwite mjukuu anisomee pesa zangu," alilalama. "Siri yangu iko wapi hapo?"

Nilipotazama, maandishi yenyewe yalikuwa sanifu. Ila mahali pamoja niliona: "Kitambulisho 1 zimepokelewa." Papo hapo nikakata kauli kwamba mfasiri hajui ngeli. Kijana mmoja wa ploti yetu, ambaye kazi yake ni kuunda programu, akanikatiza: "Mwalimu, usimlaumu mfasiri bado. Hebu tuangalie huku chini."

Akabonyeza kitufe cha F12. Ukurasa ukagawanyika: upande mmoja tovuti kama tunavyoiona, upande wa pili msimbo unaoijenga. Kumbe kila kivinjari kikuu cha tarakilishi, kama Firefox na Chrome, huja na chombo hiki. Ukielekeza kipanya kwenye neno lolote, chombo hukuonyesha neno hilo limeandikwa wapi katika msimbo na limefungwa kwa amri zipi. Waundaji wa tovuti walizoea kazi hii kupitia Firebug, iliyotolewa mwaka 2006 na Joe Hewitt kama nyongeza ya Firefox.

Katika mstari wa kwanza kabisa wa ukurasa tuliona lang="en". Hiyo ndiyo alama inayotangaza lugha ya ukurasa, na hapa ilitangaza Kiingereza. Programu ya kusoma ilikuwa imetii tu ilichoambiwa. Kijana akafuta "en", akaandika "sw", msimbo wa kimataifa wa Kiswahili, kisha akaiamuru NVDA isome upya. "Salio lako" likatamkwa kwa irabu zetu. Mzee akacheka: "Eeh, sasa naelewa!" Suala hili si la hiari. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti wa mwaka 2008, WCAG 2.0, unaitaja alama ya lugha katika kiwango cha chini kabisa cha masharti yake.

Tukarudi kwenye "Kitambulisho 1 zimepokelewa." Chombo kilituonyesha vipande vitatu vilivyounganishwa: jina la kitu, idadi, na "zimepokelewa". Kwa Kiingereza mpango huo haukwami, maana kitenzi cha kupokea katika sentensi hiyo hakibadiliki umbo, kiwe cha barua au cha kitambulisho. Kwa Kiswahili, barua imepokelewa, ombi limepokelewa, mkopo umepokelewa, kitambulisho kimepokelewa. Inaelekea mfasiri alipewa kitenzi peke yake, bila nomino, akaambiwa akitafsiri. Angepatanisha na nini? Dawa yake ni kumpa mfasiri sentensi nzima kwa kila nomino, ya umoja kando na ya wingi kando.

Ndipo nilipoona kosa langu. Sisi wanaisimu hukosoa tunachokiona juu ya kiolesura, yaani ile sura ya programu ambayo mtumiaji huitazama na kuigusa, tukadhani kila dosari ni ya tafsiri. Katika visa hivi viwili, dosari ilikuwa katika ujenzi.

Chombo chenyewe tukiiteje? Napendekeza "kikaguzi". Kutokana na kitenzi kagua tuna mkaguzi, ambaye ni mtu. Tukibadilisha kiambishi tunapata kifaa katika ngeli ya KI-VI. Kazi yake tuiite "kusaka hitilafu", kwa sababu hitilafu husakwa kwanza ndipo irekebishwe. Waingereza huiita hitilafu "mdudu", na wengi hudhani jina hilo lilizaliwa Septemba 9, 1947, nondo aliponaswa ndani ya tarakilishi ya Harvard Mark II. La hasha! Thomas Edison alikuwa amelitumia kwa maana hiyo tangu 1878. Nasi hatuna haja ya kuazima mdudu ilhali tuna hitilafu.

Lakini kikaguzi kina mpaka wake. Tulipoufungua ukurasa upya, ile "en" ilirudi na mzee akasikia tena "seilio leikou". Mabadiliko yafanywayo ndani ya kikaguzi hubaki kwenye skrini yako tu. Mwenye tovuti ndiye anayeweza kurekebisha msimbo wenyewe.

Kwa hivyo tuliandika barua. Hatukulalamika kwamba "Kiswahili chenu kibovu", kauli ambayo haimsaidii fundi yeyote. Tulitaja mstari, alama iliyopo na alama inayofaa, pamoja na sentensi kamili kwa kila nomino. Nimeanza kuwaambia wanafunzi wangu wa tafsiri wafanye vivyo hivyo: kabla ya kutia kalamu nyekundu, wabonyeze F12.