Msanifu wa Mandhari na Mhuri Asiokuwa Nao

Katika mwezi wa Mei wa mwaka mmoja wa mvua nyingi, aliniita mama mmoja mwenye nyumba mpya upande wa kaskazini wa Mombasa, niende nikamtazamie ua wake ambao, kwa maneno yake, ulikuwa umegeuka ziwa. Na nilipofika nikamkuta amesimama barazani, leso kaipandisha hadi magotini, akiwaelekeza vijana wawili mahali pa kutekea maji kwa ndoo. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, kisha akaniuliza, “Wewe ndiye yule wa maua?” Nikamjibu kuwa ndimi, maana nimekwisha kukata tamaa ya kulisahihisha jina hilo mbele ya watu waliorowa.

Maua yake hayakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa katika kabro, yaani yale matofali ya zege ya kutandazia ua, iliyotandazwa ukuta hata ukuta pasipo kuacha hata kipande cha udongo wazi, na tena ikainamia mlango wa sebule badala ya kuupa mgongo. Nikatwaa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, nikaujaza maji kama wafanyavyo mafundi wetu wa tangu zamani, kijana mmoja akashika ncha kwenye kizingiti nami nikaenda na ncha ya pili hadi langoni, na yale maji yalipotulia tukaona ya kwamba lango liko juu ya kizingiti kwa sentimita 12. Ua ulikuwa na mita za mraba 400 hivi. Mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu kwa usiku mmoja wa masika, ikiuangukia ua wa kadiri hiyo huwa ni lita 20,000, yaani maboza mawili ya lita elfu kumi kumi, na yote mawili ni kama yaliyokuja kumwagwa mbele ya mlango wa yule mama wakati yeye amelala.

Nikaomba kuiona ramani. Ikaletwa, safi, imekunjwa vizuri, ina mhuri wa msanifu majengo aliyesajiliwa na mhuri wa idhini pembeni yake. Na insafu yanilazimu niseme kwamba nyumba yenyewe ilikuwa imesanifiwa kwa uhodari, vyumba vina hewa, na paa halikuvuja hata tone. Lakini eneo lote lililobaki nje ya kuta, ambalo lilikuwa kubwa kuliko nyumba, lilikuwa na neno moja tu lililoandikwa katikati: kabro.

Kazi yetu, kwa wale wasioijua, ni hilo eneo lililobaki. Msanifu wa mandhari ndiye apangaye ardhi iinuke wapi na ishuke wapi, maji yapite njia ipi na yaishie wapi, mzee mwenye bakora apande kwa ngazi au kwa mteremko, mti gani usimamishwe upande wa jua la alasiri na upi usikaribie shimo la maji taka. Na maua, aghalabu, ndiyo yajayo mwisho, pesa zikibaki. Jina lenyewe limekuwa na matata tangu kuzaliwa kwake, kwani hata Frederick Law Olmsted, aliyeichora Central Park ya New York pamoja na Calvert Vaux mwaka 1858, hakulipenda jina hilo aliloitwa, akalichukua tu kwa kukosa lililo bora. Basi si ajabu ikiwa sisi wa huku twaitwa watu wa maua.

Ila jina baya si taabu kubwa. Taabu ni kukosa mahali katika daftari. Miaka yangu ya mwanzo baada ya kuhitimu, nilichukua mchoro wa uwanja wa shule moja, wenye vipimo vya miinamo na mitaro yote, nikaupeleka katika ofisi ya kupitishia ramani. Karani, mtu mpole, akaupitia kwa ncha ya kalamu pasipo haraka, kisha akaniuliza nambari yangu ya usajili. Nikamtajia ya uanachama wangu katika chama cha wasanifu. “Hiyo ni ya chama, ndugu yangu,” akasema, “mimi nataka ya bodi.” Nikamuuliza ni bodi ipi inayotusajili sisi. Akafungua mtoto wa meza, akatoa orodha iliyochakaa pembe, akaisoma juu hata chini, akairudisha mahali pake. “Humu hamumo,” akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

Nikaenda kwa rafiki yangu msanifu majengo. Yeye akautia mhuri mchoro ule mezani kwake, kikombe cha kahawa kikiwa juu ya pembe moja ili karatasi isijikunje, wala hakuniuliza hata swali moja juu ya maji. Nikampa ijara yake, mchoro ukapita siku chache baadaye. Tangu hapo sijui ni mara ngapi nimeifanya safari hiyo, na kila mara huniuma si kwa sababu ya ile ijara, bali kwa sababu mwenye kubeba dhamana mbele ya sharia siye aliyefanya hesabu, na aliyefanya hesabu hana pa kushikwa.

Mambo kwa Kenya yamekaa hivi. Sharia ya usajili, yaani Sura ya 525, kwa jina lake tu yawataja wawili, msanifu majengo na mkadiriaji majenzi. Chama cha Wasanifu wa Kenya, kilichoasisiwa mwaka 1967, kimetufungulia tawi letu wenyewe, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kinaifundisha taaluma hii hata kuitolea shahada. Kwa hiyo tumefundishwa, tukapokewa na wenzetu, kisha tukifika kwenye dirisha la idhini twaambiwa hatumo.

Wako watakaodhani kwamba penye leseni taabu zimekwisha. Katika Marekani, jimbo la California lilitunga sharia ya kuwasajili wasanifu wa mandhari mwaka 1953, na majimbo mengine yakafuata moja moja. Lakini kila jimbo lina bodi yake na kaida zake, hata aliyepewa leseni katika jimbo moja hawezi kuvuka mpaka na mhuri wake mpaka aombe upya upande wa pili. Yako majimbo yanayolinda jina tu, ambamo mtu yeyote aweza kuifanya kazi maadamu hajiiti kwa jina hilo, na yako yanayoilinda kazi yenyewe. Mtihani wao una sehemu nne, kila sehemu na ada yake ya mamia ya dola, na kijana sharti kwanza atumike miaka kadha chini ya mtu mwenye leseni, jambo lililo jepesi kwa aliye mjini penye ofisi nyingi na zito mno kwa aliye mbali nazo. Hata hivyo nawasifu kwa jambo moja: katika sehemu zile nne, moja nzima ni ya miinamo ya ardhi na maji ya mvua, na watahiniwa huilalamikia. Wacha wailalamikie. Laiti aliyetia mhuri ile ramani ya kabro angalitahiniwa hivyo.

Simaanishi kwamba kila apandaye mti atahiniwe. Mwaka 1971, katika machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, ambako palikuwa pamebaki mwamba mtupu wa matumbawe na maji ya chumvi, bwana shamba mmoja wa Kiswisi, René Haller, alijaribu miti ya namna 26, zikasalimika namna tatu tu, miongoni mwake mvinje. Na mvinje nao ukakataa kuoza majani yake mpaka alipoleta jongoo wa miguu myekundu, wakayala, wakayageuza udongo. Leo pana msitu, na watu huja kutembea humo kwa kiingilio. Kazi ile haikuhitaji mhuri, ilihitaji macho na subira, kwani mti ukifa hakuna aliyedhurika. Lakini ukuta wa kuzuia udongo ukianguka, au ua ukiingiza maji vyumbani, mwenye kudhurika yupo, tena ana jina. Hapo ndipo ningetaka sharia isimame, wala isiende mbele zaidi kuwasumbua wenye vitalu.

Na mpaka itakaposimama, mwenye kujenga na ajilinde. Fundi akikutandazia sakafu ya nje, hakikisha kwa kila mita moja unayoondoka ukutani yashuka sentimita mbili, walau kwa mita tatu za mwanzo, na uipime kwa mpira wa maji hata kama pimamaji lake ni jipya. Usiufunike ua wote: acha ukanda wa ukoka na wa kokoto, ardhi inywe. Shimo la kunyonya maji lina faida juu ya mwamba wenye nyufa, lakini pale chini karibu na ufuko, ambako ukichimba kidogo tu wakutana na maji, halina kazi. Mti upande mvua za masika zinapoanza, ili mizizi iwe imekwisha kushika kabla ya ukame wa kaskazi. Na juu ya matumbawe chimba shimo pana kuliko unavyodhani yatosha, ulijaze udongo mwekundu na samadi iliyooza. Upande wa upepo wa chumvi weka mvinje au mnazi, na mwarobaini uuache nyuma yake. Mkungu una kivuli kizuri mno, lakini uweke mbali na kabro, maana mizizi yake itaziinua moja moja kama mtu anayetafuta kitu chini yake.

Ama vijana waniulizao kama waendelee na taaluma hii, mimi huwaambia waandike kila mtaro walioupima, tarehe na mwinamo wake, na warudi kuutazama mvua inaponyesha, wakiwa na mwavuli; daftari la namna hiyo ndilo watakaloulizwa siku ambayo orodha ya yule karani itaandikwa upya.

Ua wa yule mama tuliukata. Tukang'oa kabro mistari minne mbele ya baraza, tukapitisha mtaro wenye kifuniko cha chuma hadi kwenye bustani ya nyuma iliyokuwa chini zaidi, na sehemu iliyobaki tukaitandaza upya ikilitazama lango la nyuma. Masika iliyofuata alinipigia simu usiku, nikashtuka, kumbe alitaka tu nisikie sauti ya maji yakishuka mtaroni. Mchoro wa mtaro ule niliuchora mimi. Mhuri ulio juu yake ni wa rafiki yangu, ambaye hata leo hajaingia katika ua huo.